Mbio Zisizo na Mshindi

Katikati ya Septemba ya kila mwaka, Jumapili asubuhi, maelfu ya watu nchini Canada huvaa raba na kuingia barabarani. Hakuna anayeshika saa kuangalia nani kafika mapema. Hakuna medali, hakuna zawadi ya fedha, hakuna jukwaa la washindi. Baba anasukuma kigari cha mtoto, bibi anatembea na mkongojo wake, wanafunzi wanakimbia kwa makundi huku wakipiga soga, na ukichoka baada ya kilomita mbili unakaa zako kando. Unachotakiwa kuleta ni mchango, hata ukiwa mdogo. Hizi ndizo Mbio za Terry Fox, na tangu zilipoanza Septemba 13, 1981 hazijaruka mwaka. Hata mwaka 2020, UVIKO-19 ilipozuia mikusanyiko, watu walikimbia kila mmoja mtaani kwake.

Shule nazo zina siku yao ya kukimbia. Ndiyo maana watoto wa familia zilizotoka Bukavu, Bujumbura au Mombasa zikahamia Toronto na Edmonton hulijua jina la Terry Fox tangu madarasa ya mwanzo.

Terry alikulia Port Coquitlam, karibu na Vancouver. Mchezo alioupenda ulikuwa mpira wa kikapu, naye alikuwa mfupi. Nafasi katika timu ya Chuo Kikuu cha Simon Fraser aliipata kwa bidii zaidi kuliko kipaji. Novemba 1976 alipata ajali ya gari, goti la kulia likaumia kidogo. Maumivu yalipomrudia baadaye alidhani ni ya ajali ileile, akavumilia ili amalize msimu wa mashindano. Machi 1977 mguu ulimshinda. Madaktari walikuta saratani ya mfupa iitwayo osteosakoma, wakaukata mguu sentimita 15 juu ya goti. Alikuwa na umri wa miaka 18.

Wazazi na walimu wa michezo wasilipite jambo hili haraka. Osteosakoma huwapata zaidi vijana walio kwenye balehe, mifupa inaporefuka kwa kasi, na mara nyingi huanzia karibu na goti. Kijana wa umri huo ndiye anayecheza, ndiye anayepigwa kwanja na kuanguka, kwa hiyo kila maumivu yake yana sababu iliyo tayari. Atapakwa dawa ya kuchua, atafungwa bendeji, na miezi itapita. Maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtoto usiku, au uvimbe usiopungua baada ya wiki kadhaa, yanataka picha ya eksirei.

Baada ya kukatwa mguu, Terry alipewa tiba ya kemikali kwa miezi 16. Wodini aliona wagonjwa wengine, watoto na vijana wakiwamo, baadhi wakipona na baadhi wakifariki. Huko aliambiwa pia jambo lililomkaa moyoni: miaka miwili tu kabla yake, mgonjwa wa aina yake alikadiriwa kuwa na nafasi ya asilimia 15 ya kupona, ilhali nafasi yake yeye ilikuwa asilimia 50. Utafiti ndio uliozaa tofauti hiyo. Akaamua kuomba fedha za utafiti, na kuziomba kwa kukimbia Canada nzima, bahari hadi bahari, kwa mguu mmoja wa nyama na mmoja wa bandia.

Mwaka 1979 alijipima kwanza katika mbio za takriban kilomita 27 mjini Prince George. Alikuwa wa mwisho kabisa. Kwake kumaliza kulitosha.

Aprili 12, 1980 alichovya mguu wake wa bandia katika Atlantiki, mjini St. John's, akaanza safari. Rafiki yake Doug Alward aliendesha gari la kumsindikiza. Alilenga kukimbia kila siku umbali wa marathoni nzima, takriban kilomita 42, akirukaruka mara mbili kwa mguu mzima kwa kila hatua ya ule wa bandia. Siku za mwanzo zilikuwa za theluji, upepo na barabara tupu. Kisha akafika Port aux Basques, mji mdogo wa watu wapatao 10,000, uliomkusanyia zaidi ya dola 10,000. Dola moja kwa kila kichwa! Mji ule ndio uliompa lengo jipya: dola moja kutoka kwa kila Mkanada, nao walikuwa milioni 24.

Septemba 1, 1980, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, kifua kilimbana karibu na Thunder Bay. Saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Alirudi nyumbani kwa matibabu, lakini nchi iliendelea kuchanga, na kufikia Februari 1981 lengo la dola milioni 24 lilikuwa limevukwa. Isadore Sharp, mwanzilishi wa hoteli za Four Seasons, ambaye naye alikuwa amemzika mwanawe kijana kwa saratani, alimtumia telegramu hospitalini akimwahidi mbio za kila mwaka kwa jina lake. Terry alifariki Juni 28, 1981, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23. Septemba ile watu 300,000 walijitokeza, wakachanga dola milioni 3.5. Hadi leo mbio hizo zimekusanya zaidi ya dola milioni 850 za Canada.

Nimetafakari sana kwa nini siku hii imedumu, maana nyingi za namna yake huwaka mwaka mmoja na kuzimika. Jibu langu ni kwamba masharti yake yaliwekwa na mgonjwa mwenyewe. Terry alipokea gari kutoka Ford, mafuta kutoka Imperial Oil na viatu kutoka Adidas, ila kampuni iliyotaka atangaze bidhaa zake aliikatalia. Hakutaka yeyote atengeneze faida kwa ugonjwa wake. Mama yake, Betty Fox, aliyelinda masharti hayo hadi alipofariki mwaka 2011, hakuyalegeza, na mbio zikabaki bila mashindano na bila matangazo ya biashara.

Linganisha na hafla nyingi za hisani tulizozizoea hapa kwetu. Meza kuu, mgeni rasmi, hundi kubwa ya mfano inayoshikwa na watu watano mbele ya kamera, na pembeni binti wa miaka 14 asiye na nywele, aliyetolewa wodini ili ukumbi umwonee huruma. Fedha zinapatikana, na zinahitajika. Lakini binti yule hakuulizwa lolote. Hakuulizwa kama anataka kupigwa picha, wala fedha ziende wapi. Inaniuma, kwa sababu vijana hawa wana mengi ya kusema. Kwenye wodi ya watoto wanaona wamekuwa wakubwa mno. Kwa watu wazima wanalazwa karibu na wazee. Wanawaza mitihani inayowapita, marafiki walioacha kuwapigia simu, na kama siku moja wataweza kupata watoto baada ya dawa hizi kali. Wapeni nafasi katika kamati inayoandaa siku yao, nao watasema wanachohitaji.

Mahitaji yenyewe hayafanani kila mahali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 wenye umri wa hadi miaka 19 huugua saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo mwaka 2030. Sehemu kubwa ya pengo hilo haisubiri dawa mpya igunduliwe. Mtoto huchelewa kufika hospitali, au anafika na kukosa kipimo cha uhakika, au anaanza tiba kisha mzazi aliyemleta anaishiwa nauli na kulazimika kurudi shambani. Tiba ikikatizwa katikati, saratani inaweza kurudi ikiwa na nguvu zaidi.

Kwa hiyo mchango wa Dar es Salaam au Nairobi una kazi ambayo wa Vancouver hauna. Katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako watoto wenye saratani wanatibiwa kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha, mzazi aliyetoka mkoa wa mbali anahitaji pa kulala kwa miezi, chakula, nauli ya kurudi kliniki, na mwalimu wa kumfundisha mtoto asiachwe nyuma na wenzake. Damu salama nayo inahitajika kila wiki, na hiyo mtu anaweza kuitoa akiwa hana hata shilingi mfukoni.

Mbio za Terry Fox zimeshavuka mipaka hadi Cuba, Falme za Kiarabu na India. Zilizofanyika Mumbai zimechangia utafiti katika hospitali ya Tata Memorial ya hukohuko, bila fedha kupelekwa Canada. Mji wowote wa pwani au bara unaweza kuchagua Jumapili yake ya Septemba, mwezi ambao dunia imeutenga kwa saratani ya watoto, ukaomba idhini ya manispaa kwa barabara ya kilomita chache, ukatangaza siku ileile fedha zimefika ngapi na zinaingia wodi gani. Kwenye mstari wa kuanzia wasimame vijana wanaotibiwa na waliopona, na wao ndio watoe ishara ya kuondoka.