Visiwa visivyofikika katika bustani za Japani

Mbele ya hekalu la Konchi-in, mjini Kyoto, umetandazwa uwanja wa changarawe nyeupe, na ng'ambo yake miamba imepangwa makundi mawili. La kulia ni korongo, la kushoto ni kasa. Asiyeambiwa hamwoni hata mmoja: shingo ya korongo ni jiwe refu bapa lililolazwa chini, basi. Korongo, wasemavyo Wajapani, huishi miaka 1,000, na kasa 10,000. Changarawe ni bahari, na makundi hayo ya miamba ni visiwa.

Chanzo cha visiwa hivyo ni China. Wahenga wa huko walisimulia kuwa mbali mashariki baharini kulikuwa na visiwa vitano vya walioshinda mauti, vikielea ovyo hadi vilipobebeshwa kasa 15 wakubwa mno. Likatokea jitu, likavua sita kati yao. Visiwa viwili vikapotea. Katika vitatu vilivyosalia, maarufu zaidi ni Penglai, ambacho Wajapani hukiita Horai.

Mwaka 219 K.K. mfalme Qin Shi Huang alimtuma Xu Fu, pamoja na maelfu ya vijana wa kike na kiume, akavitafute na kuleta dawa ya uzima. Mfalme alifariki mwaka 210 K.K. bila kuionja dawa hiyo. Xu Fu mwishowe hakurudi. Mji wa Shingu, Japani, huonyesha kaburi linalodaiwa kuwa lake, na mtu anaweza kusamehewa akicheka: msaka uzima wa milele kukumbukwa kwa kaburi!

Mfalme Wu wa ukoo wa Han hakungoja mabaharia. Alichimba ziwa kasrini, akajijengea visiwa vyake. Wazo hilo likavuka bahari. Nchini Japani, Soga no Umako, aliyefariki mwaka 626, alikuwa na kisiwa katika bwawa la bustani yake, watu wakambandika jina la Waziri wa Kisiwa.

Wajapani waliongeza jambo ambalo mimi naliona ndilo kilele cha ufundi wenyewe. Mara nyingi Horai haiwekewi daraja. Katika bwawa la hekalu la Saiho-ji, mawe yamepangwa safu majini: ni mashua zilizotia nanga usiku, zikisubiri kukuche zing'oe nanga kwenda Horai. Karne zimepita, hazijaondoka.

Konchi-in, hata hivyo, ina siasa ndani yake. Mtawa Suden, mshauri wa watawala wa Tokugawa, alimpa mbunifu Kobori Enshu kazi ya kuipanga bustani hiyo, ikakamilika mwaka 1632. Kati ya korongo na kasa lipo jiwe pana la kusujudia, likielekea patakatifu pa kumtukuza Tokugawa Ieyasu, mwasisi wa utawala huo. Wafalme wa China walitaka wao wenyewe wasife. Suden aliuombea uhai utawala. Yeye alifariki mwaka 1633, na utawala ukaanguka 1868.

Visiwa havikukoma hapo. Mwaka 1939 mbunifu Mirei Shigemori alivijenga upya katika hekalu la Tofuku-ji kwa miamba mikubwa, mingine ikisimama wima, mingine imelazwa. Hekalu halikuwa na fedha. Alifanya kazi bure, kwa sharti kwamba aachiwe uhuru wa kubuni.