Zulia la Kijani Katika Tangi Lenye Mwanga Hafifu

Mtu anayefuga samaki katika tangi la kioo, nyumbani au katika maabara ya shule, hufikia siku akatamani kuiona sakafu ya tangi hilo imefunikwa na mimea mifupi mithili ya zulia. Huipanda kwa uangalifu, na baada ya majuma machache huiona ikirefuka, ikipauka na hatimaye kuoza. Lawama huangukia mbolea au changarawe. Mara nyingi kosa limo katika hesabu ya mwanga, nayo ndiyo tunayokusudia kuieleza hapa.

Mwaka 1779 tabibu Mholanzi Jan Ingenhousz, akifanya majaribio huko Uingereza, alizamisha majani mabichi ndani ya maji na kuyaweka juani. Viputo vya hewa vikajitokeza juu ya majani hayo. Gizani mambo yaligeuka: mimea iliichafua hewa kama wafanyavyo wanyama. Leo twajua kwamba mmea huendesha kazi mbili. Kwa usanisinuru hutumia mwanga kutengeneza sukari kutokana na maji na kaboni dioksaidi, ukatoa oksijeni. Kwa kupumua huitumia sehemu ya sukari hiyo, usiku na mchana. Kipo kiwango cha mwanga ambapo pato na matumizi hulingana, nacho huitwa kiwango cha fidia. Mmea ulio chini yake hula akiba yake hadi iishe. Ulio juu yake kidogo huweza kuishi, iwapo pato la mchana litatosha pia gharama ya usiku. Lakini kuishi si kutandaa. Zulia hufanyika kwa mashina yatambaayo na machipukizi mapya, na hayo hujengwa kwa ziada tu.

Jicho letu ni kipimo kibaya cha ziada hiyo. Jua la saa sita mchana hutoa kiasi cha laksi 100,000, ilhali katika chumba tunachokiona kuwa na mwanga wa kutosha kusomea pengine hazizidi 500. Mboni hupanuka, nasi hatuihisi tofauti ya mara 200. Jani halina mboni. Tena mmea wa zulia umewekwa mahali pabaya kuliko pote: sakafuni, mbali na taa, kivulini mwa mimea mirefu. Maji safi yenye kina cha sentimita 30 hunyonya sehemu ndogo tu ya mwanga. Wezi wakubwa ni umbali, uchafu juu ya kifuniko cha kioo, na mimea inayoelea.

Je, tuongeze taa? Yawezekana, lakini kila mwanga unapozidi, mmea hudai kaboni dioksaidi zaidi, na gesi hiyo husambaa majini polepole kuliko hewani kwa kiasi cha mara 10,000. Mwanga usiotumiwa na mimea hustawisha mwani. Anayeingiza gesi hiyo tangini bila kipimo huweza kuwaua samaki wake kwa usiku mmoja, wakati ambapo mimea nayo inashindana nao kwa oksijeni.

Kwa maoni yangu, njia ya busara ni kuchagua mimea yenye matumizi madogo. Kigoga cha Java, mmea usio na mizizi ya kweli, hufungwa kwa uzi juu ya wavu na kulazwa sakafuni. Ndicho kinachovumilia zaidi. Anubias ndogo, yenye asili ya Kameruni, hukua taratibu mno, na shina lake nene lisifukiwe, maana litaoza. Marsilea ni jamii ya makangaga; baadhi yake huota katika madimbwi na majaruba ya mpunga ya Afrika Mashariki, ambako majani yake yana vipande vinne, ingawa chini ya maji huweza kutoa kipande kimoja tu. Aina zote hizi zipandwe kwa kusongamana tangu mwanzo, kwa kuwa ziada yao ni ndogo na kutandaa kutachukua miezi.

Wanafunzi waweza kuipima hesabu hii wenyewe. Chukua kitawi kibichi cha Hydrilla au mmea mwingine wa majini, kikate, ukizamishe kichwachini katika bilauri ya maji, chumba kikiwa na giza. Weka taa umbali wa sentimita 10, subiri dakika tano, kisha hesabu viputo vitokavyo penye mkato kwa dakika moja. Rudia kwa sentimita 20, kisha 40. Taa ikiwa ya moto, weka chombo cha maji chenye kuta bapa kati yake na bilauri, ili joto lisivuruge matokeo. Viputo vikikoma, msiandike kwamba hapo ndipo penye kiwango cha fidia: oksijeni kidogo bado huyeyuka majini bila kuonekana, na kiwango chenyewe kiko mbele zaidi, mbali na taa.