Mpenzi wa Tatu Akichemsha Foleni

Kuna wanandoa wanaogombania simu, kuna wanaogombania mawifi, na kuna hawa wa gari la zamani. Jamaa ana Datsun 240Z uani, kaifunika turubai kama bibi harusi, akiitoa Jumapili tu. Mke kapendeza, wanakwenda kula samaki ufukweni. Wakikwama foleni ya Mwenge mshale wa joto unapanda, mvuke unatoka kwenye boneti, na samaki wanaliwa na wengine.

"Mume wangu, hilo gari si uliuze tu?"

"Mke wangu, nikiuza hili nimeuza ujana wangu."

Dada, kabla hujanuna, ujue anachokililia. Hili si gari la kuokoteza. Datsun 240Z ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1969, na hapa kwetu ilijijengea jina kwenye vumbi: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo East African Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia. Wazee wetu waliosimama kando ya barabara kuiona ikipita hawajaisahau. Na wewe kaka, hadithi za rali hazimsaidii mtu aliyevaa viatu virefu akisukuma gari juani.

Swali la kwanza si feni gani ununue. Swali ni gari linachemsha wapi. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukishapata mwendo, tatizo ni upepo, na hapo ndipo feni inahusika. Likichemsha ukiwa barabara kuu mwendo wa kilomita 90 kwa saa, feni haina kosa, maana kwa mwendo huo hewa inaingia yenyewe kwenye rejeta. Hapo angalia rejeta iliyoziba, pampu ya maji, themostati au mfuniko wa rejeta uliolegea. Watu wengi sana wamenunua feni kutibu rejeta iliyojaa kutu.

Sasa tuje kwenye feni yenyewe. Ile iliyokuja na gari inazungushwa na mkanda, imefungwa kwenye pampu ya maji na katikati ina klachi yenye mafuta mazito. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, klachi inakamata na feni inavuta kwa nguvu, ikipoa, inalegea. Udhaifu wake ni kwamba injini ikizunguka polepole kwenye foleni, nayo inazunguka polepole, yaani pale pale unapoihitaji. Kipimo chake ni rahisi. Safiri mpaka injini ipate moto, zima, kisha isukume feni kwa mkono (kwa kitambaa, tafadhali). Ikizunguka mizunguko mingi bila kukaza, klachi imekufa. Ukiona mafuta yamevuja katikati yake, jibu ni hilo hilo.

Na lile boksi linalozunguka feni, ambalo mafundi wengine hulitoa "ili nafasi ipatikane", lirudishe! Bila boksi feni inavuta hewa kupitia kiduara kilicho mbele yake tu, na kuzungukia pembeni. Likiwepo, rejeta nzima inapumua.

Feni ya umeme ndiyo inayosifiwa vijiweni, na kweli ina raha yake: inavuta kwa nguvu ile ile hata gari likiwa limesimama. Ifungwe nyuma ya rejeta, upande wa injini, ili ivute hewa. Ukiifunga mbele inaziba upepo gari likiwa kwenye mwendo. Pima kwa rula nafasi kati ya rejeta na pampu kabla hujaenda Gerezani au Kirinyaga Road kununua. Isifungwe kwa vile vibano vya plastiki vinavyopenya katikati ya rejeta; mtikisiko wa barabara zetu utaitoboa. Na fundi akigeuza waya, feni itazunguka kinyume ikisukuma hewa huku upepo wa mbele ukiisukuma urudi. Weka karatasi mbele ya rejeta: inatakiwa inate, isipeperuke.

Ila gharama iliyojificha iko kwenye umeme. Alteneta ya 240Z ilitoka kiwandani ikiwa na ampea kati ya 45 na 50, na injini ikiwa haina mwendo inatoa pungufu ya hapo. Feni mbili zinaweza kula ampea 20 hadi 30. Washa taa na waipa usiku wa mvua, foleni haisogei, halafu uone betri inavyonyong'onyea. Kuna anayekimbilia alteneta kubwa, lakini waya za gari hili ni za zaidi ya miaka 50, na umeme wa chaji unapitia kwenye mita ya ampea pale dashibodi. Ukiongeza mzigo bila kubadilisha waya, unachezea moto, na moto wenyewe uko mbele ya magoti ya mwenzio. Feni ipate waya wake mnene, rilei na fyuzi. Swichi ya joto iwashe kwenye nyuzi 92 au 95 hivi. Ukiiweka chini ya themostati, ambayo mara nyingi ni ya nyuzi 82, feni haitazima kamwe.

Mimi ningeanza na rejeta safi, klachi mpya na boksi lake. Likiendelea kuchemsha foleni, ndipo niongeze feni ya umeme pamoja na waya zake zote, siyo nusu nusu. Silinda hedi ya gari hili ni ya aluminiamu. Ikipinda kwa joto, hela ya feni utaiona kama nauli ya daladala. Kwa hiyo mpige hesabu wote wawili mezani, kabla ya ada za watoto, siyo baada.

Kazi ikiisha, msikimbilie ufukweni. Liacheni gari linangurume hapo uani, mchana, kiyoyozi kikiwashwa kama kipo, mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Na mfuniko wa rejeta usiguswe kabla injini haijapoa, hata kama fundi anasema yeye ameshazoea.