Kuku Mkongwe Akiugua: Mtibu Kwanza, Usimposti

Leo naongea na sisi tunaouza kuku na mayai ya kienyeji kwa simu. Picha inaenda kwenye stetasi ya WhatsApp, oda inaingia, bodaboda anabeba. Bidhaa yetu ina jambo moja ambalo vitenge na viatu havina: inaumwa.

Mimi nipo Gwarama, Wilaya ya Kakonko, huku juu Kigoma ambako zamani tulihesabiwa Kibondo. Huku mtaalamu wa mifugo hayupo mlango wa pili, na duka la dawa ni safari. Mtetea mzee akianza kujikunyata pembeni, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: "Muuze haraka kabla hajafa." Ndugu yangu, ushauri huo ndio unaoua biashara. Kuku mmoja akifa umepoteza kuku mmoja. Ukimuuza akiwa mgonjwa, akafika kwa mteja akaangusha banda zima, umempoteza mteja na wote atakaowasimulia. Na mtandaoni watu wanasimulia kweli kweli.

KWANINI UHANGAIKE NA KUKU MZEE?

Ni kweli, kuku hutaga zaidi akiwa kijana, na kadiri miaka inavyokwenda mayai yanapungua. Lakini mtetea mzee wa kienyeji anajua kulea. Tuseme anatamia mara 3 kwa mwaka, kila mara mayai 10, na katika kila uzao wanakua vifaranga 5. Hao ni kuku 15. Weka bei ya sokoni kwako uone mwenyewe. Huyo ni mtambo wako, usiutupe kwa sababu ya kitu ambacho pengine kinatibika kwa maji ya uvuguvugu.

HATUA YA 1: MTENGE SAA HIYO HIYO

Usisubiri kesho. Mimi natumia tenga kuukuu, nyasi kavu chini, mahali pasipo na upepo. Huku kwetu usiku wa masika ni baridi, na mgonjwa anahitaji joto. Mpe maji yake na chombo chake. Hudumia wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Usimpime homa kwa mkono. Joto la kawaida la kuku ni kama nyuzi 41, kwa hiyo hata mzima utamwona wa moto.

HATUA YA 2: MKAGUE TOKA KICHWANI MPAKA MIGUUNI

Asubuhi kabla hajala, shika gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Kinatakiwa kiwe kitupu. Tazama upanga: ukipauka, fikiria minyoo, chawa au ugonjwa mwingine mzito. Funua manyoya karibu na mkia utafute chawa. Tazama kinyesi. Mwisho tazama magamba ya miguu.

HATUA YA 3: TIBU KINACHOTIBIKA NYUMBANI

Gole limejaa na ni gumu: Mzuie chakula siku moja, maji aachiwe. Mpe mafuta ya kula kidogo sana, tone kwa tone pembeni ya mdomo, halafu kanda gole taratibu mara kadhaa kwa siku. Usimgeuze kichwa chini ili atapike, anaweza kupaliwa akafa mkononi mwako.

Yai limekwama: Anasimama wima kama mtu, mkia chini, anajikamua lakini hakitoki kitu. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yafike tumboni, dakika 15 hadi 20. Mkaushe, paka mafuta kidogo kwenye tundu la kutagia, mweke penye giza na utulivu. Usibonyeze tumbo wala kulivunja yai ndani. Siku ikipita bila yai kutoka, mtafute mtaalamu. Akipona mwongezee madini ya chokaa. Maganda ya mayai yaliyokaushwa vizuri na kusagwa yanafaa, na hayana gharama.

Miguu ina magamba yaliyoinuka kama ukoko: Ni utitiri. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua polepole kwa mswaki wa zamani, kausha, kisha paka mafuta mazito. Kigoma hatukosi mawese; yanafanya kazi hiyo kwa kuziba pumzi ya wadudu. Rudia kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa. Achana na mafuta ya taa na oili chafu ya pikipiki, vinaunguza ngozi.

Chawa: Mwandalie mahali pa kujigaragaza penye majivu makavu na udongo laini. Safisha na banda, maana wadudu wengine wanajificha kwenye nyufa za fito. Wakizidi, uliza unga wa dawa kwenye duka la mifugo.

Minyoo: Pipirazini inauzwa madukani, lakini pima kwa kufuata maelezo ya pakiti. Kijiko cha kukadiria kwa macho sio kipimo.

HAPA USIJARIBU PEKE YAKO

Ukiona kuku anapinda shingo, anahara kijani, anapumua kwa shida, na wenzake wanaanza kudondoka, huo unaweza kuwa mdondo, wengine wanaita kideri. Hauna tiba. Pilipili haitibu, mshubiri hautibu, na dawa ya bakteria haiui kirusi. Simamisha mauzo yote, hata ya wale wanaoonekana wazima, na mpigie afisa mifugo wa kata. Usimpeleke gulioni.

Kuhara njano na upanga kupauka kunaweza kuwa homa ya matumbo ya kuku. Huu unapita mpaka ndani ya yai. Kwa hiyo wewe unayeuza mayai ya kutotolesha, ukishuku ugonjwa huu, funga oda mpaka mtaalamu aone. La sivyo unamuuzia mwenzako ugonjwa kwa trei.

HATUA YA 4: HESABU SIKU ZA DAWA

Hapa ndipo wauzaji wengi tunapimwa uaminifu. Kuku akipewa dawa, mfano oksitetrasaiklini, dawa inabaki kwa muda kwenye nyama na kwenye mayai. Pakiti huandika siku za kusubiri kabla ya kula au kuuza, na kila dawa ina zake. Usipoziona, muulize muuzaji wa dawa kabla hujalipa.

Mimi namfunga kuku aliyetibiwa uzi mwekundu mguuni, siyo wa kubana. Kwenye daftari naandika jina la dawa, siku niliyoanza, siku niliyomaliza na siku ya kuruhusiwa kuuza. Mayai yake hayaingii kwenye trei la wateja. Daftari la shilingi chache linakuokoa na aibu kubwa.

HATUA YA 5: MWAMBIE MTEJA UKWELI

Ujumbe ninaotuma ni mfupi tu: "Habari yako dada. Wiki hii mayai ni pungufu, kuku mmoja yupo kwenye dawa na mayai yake siuzi. Nitakujulisha wakiwa tayari." Basi. Mteja atanunua kwingine wiki hiyo, ni sawa. Lakini sasa anajua kwamba siku ukisema mayai ni salama, ni salama. Mwenye kuuza bei ya chini ataweza kukushinda bei, hilo hawezi kukushinda.

Na picha ya mwaka jana alipokuwa amenenepa usiitumie kumuuzia leo. Mteja ananunua kuku, hanunui kumbukumbu.

HATUA YA 6: JUA PA KUISHIA

Siku 2 au 3 zikipita hali wala hanywi, au gharama ya dawa inaelekea kupita thamani yake, kaa chini uamue. Kama mtaalamu anasema hatapona, mpumzishe haraka bila kumtesa. Aliyekufa mwenyewe haliwi, hauzwi, hatupwi jalalani ambako mbwa watamsambaza. Chimba shimo refu umfukie, au mchome.

KINGA NI BEI NAFUU KULIKO YOTE HAYA

Chanjo ya mdondo aina ya I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA). Ni tone 1 kwenye jicho, kila baada ya miezi 3, kwa kuku wazima tu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi, lakini isiachwe juani. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, kwa hiyo changeni majirani, chanjeni siku moja. Mkichanja kabla kiangazi hakijakolea ni vizuri zaidi, maana mdondo hupenda kupiga kipindi hicho.

Kuku mpya kutoka mnadani naye akae peke yake wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Kwahiyo leo jioni, kuku wakiingia kulala, simama mlangoni uwahesabu na uwatazame mmoja mmoja. Yule mama mzee akichelewa kuingia, au akakaa chini wakati wenzake wanapanda juu, anza na hatua ya 1. Stetasi ya kesho inaweza kusubiri.