Kasongo Ni Nani, na Anayemwita Ni Nani?



Kama unaishi hapa kwetu Mowlem, au ni jirani yetu wa Umoja, Dandora au Kariobangi, basi huna haja ya kununua redio. Nyimbo zinakufuata zenyewe. Asubuhi unaamshwa na matatu inayotafuta abiria wa tauni, muziki wake unatikisa madirisha. Ukienda dukani kuna spika mlangoni. Ukienda kunyolewa kuna spika juu ya kioo. Hata yule jamaa wa kuuza miwa ana karedio kake kwenye mkokoteni. Tunaimba nyimbo hizi kutwa kucha, na wengine wetu tunazijua kuliko tunavyojua jedwali la kuzidisha. Lakini je, tunajua zinasema nini? Mimi nilidhani najua, mpaka Jumamosi moja niliposhikishwa adabu.

Nilikuwa kwa kinyozi, tumekaa kwenye benchi tukingoja zamu, machali watano hivi. Redio ikapiga "Kasongo". Msomaji anajua kilichofuata. Tulidakia wote kwa sauti, mwingine akapiga benchi kama ngoma, na tukaangua kicheko. Kwa wale ambao labda hawakuwa nchini, nieleze: tangu mwisho wa mwaka 2024 vijana wa mitandao ya simu waliligeuza jina hilo likawa lakabu ya Rais William Ruto. Tangu hapo wimbo huu ukipigwa mahali popote, watu hutazamana kwanza halafu hucheka. Mlezi wa chama chetu ameniomba nisiingize siasa katika makala haya, nami nimemtii. Sitasema kama lakabu hiyo ni nzuri au ni mbaya. Nataka kusema juu ya wimbo.

Pale kwa kinyozi alikuwako mama mmoja ambaye mtoto wake mdogo alikuwa ananyolewa. Akatugeukia akauliza, "Nyinyi vijana, mnajua huyo mama analia nini?"

Mmoja wetu akajibu, "Mama gani tena? Si ni wanaume wanaimba?"

Mama hakusema neno lingine. Akalipa, akampangusa mtoto nywele za shingoni, akaenda zake. Alipotoka, kinyozi akazima mashine akatutazama kwenye kioo. "Bwana ya huyo mama alienda Mombasa kutafuta kazi," akasema. "Huu ni mwaka wa tatu." Halafu akawasha mashine. Benchi lote lilinyamaza, na wimbo wenyewe bado ulikuwa unaendelea.

Nilipofika nyumbani nilikumbuka swali ambalo mwalimu wetu wa Kiswahili hutuuliza kila tukisoma shairi: nafsineni ni nani? Kwa ndugu zetu ambao bado hawajafika huko, nafsineni ni yule anayesema ndani ya shairi. Si lazima awe mtunzi, wala si lazima awe yule anayeimba. Mzee anaweza kutunga shairi ambalo ndani yake anasema mtoto. Naye anayeambiwa maneno hayo tunamwita nafsinenewa. Kusema kweli mimi nililichukua swali hili kuwa la alama mbili za mtihani, unaandika jibu halafu unasahau. Kumbe ndilo ufunguo wa mlango.

Tulijaribu ufunguo huo kwa Kasongo. Wimbo huu ulipigwa na Orchestra Super Mazembe, bendi ya wanamuziki waliotoka Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walifika Nairobi mwaka 1974 wakaifanya kwao, na baada ya hapo ndipo wakatoa Kasongo, katika miaka hiyo hiyo ya 1970. (Mazembe ni zile mashine kubwa za kuchimba na kusukuma udongo barabara zinapotengenezwa. Sikiliza magitaa yao utaona jina halikukosewa.) Waliimba kwa Kilingala, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa sababu tunashika jina tu na mengine tunayabuni mdomoni. Wanaoimba ni wanaume, ni kweli. Lakini nafsineni ni mwanamke. Ni mke anayemwita mume wake aliyeondoka, anamsihi arudi katika ndoa yake. Neno moja tu la Kilingala lingetosha kutufungua macho: mobali, maana yake mwanamume au mume. Ukishajua neno hilo huwezi kusema tena "mama gani".

Sasa fikiria. Watu wanacheza, gita linacheka, na katikati yake mtu analia. Huo ndio ufundi wa muziki huu wa zamani, na ndio mtego wake pia. Ala zinakwambia cheza, na maneno yanakwambia ngoja kwanza. Sisi ambao hatukujua lugha tulisikia ala peke yake.

Lakini msidhani ni Kilingala tu kinachotupoteza. Hata wimbo ulioimbwa kwa Kiswahili safi tunaweza kuuimba miaka mingi bila kuusikia. Chukua "Malaika". Nani asiyeujua? Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ubishi juu ya mtunzi wake wa kwanza haujaisha, kwani wengine humtaja Adam Salim. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba, kundi la Boney M likauimba, na watalii huimbiwa hotelini kule pwani. Nami nimeusikia kwenye arusi, si moja wala mbili. Bibi na bwana arusi wanaingia polepole, akina mama wanapiga vigelegele, na spika inaimba Malaika.

Haya, uliza: nafsineni ni nani? Ni kijana mkata. Anampenda msichana, angemwoa hata leo, lakini hana mali, amezidiwa. Ndani ya wimbo huo hakuna arusi. Hakuna hata posa. Ni wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa, na sisi tunauchezesha kwa mtu ambaye ameoa dakika hii! Darasani tungeita hiyo kinaya na kupewa alama. Nilipomwambia mathe jambo hili alinyamaza kidogo, halafu akasema kwamba hata wao waliuimba siku yao, na ya kwamba baba alikuwa bado hajamaliza mahari. Basi labda wanaoupiga kwenye arusi wanajua kuliko mimi. Labda yule aliyefaulu anawakumbuka wenzake waliokwama. Nimeliacha hapo.

Jambo la pili la kuuliza ni neno gani limebeba mzigo. Mwaka 2002 vijana wawili, Gidi Gidi na Maji Maji, walitoa wimbo uitwao "Unbwogable". Ukilitafuta neno hilo katika kamusi ya Kiingereza utachoka. Katikati yake kuna neno la Kijaluo, bwogo, yaani kutisha au kushtua. Mbele wamelivika kikanusho cha Kiingereza na nyuma wamelivika mkia wa Kiingereza, likawa "asiyetishika". Hivyo ndivyo Sheng inavyozaliwa huku kwetu kila siku, ila neno hili lilikwenda mbali zaidi. Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi, na muungano wa NARC ukaukumbatia wimbo huo. Umati uliimba kwenye mikutano, mpaka Mwai Kibaki akashinda tarehe 27 Desemba 2002 na kuapishwa Uhuru Park siku tatu baadaye. Vijana wawili walikuwa wamesema "mimi sitishiki". Umati ulipoimba, ikawa "sisi hatutishiki". Maneno ni yale yale. Nafsineni ndiyo iliyobadilika, kutoka watu wawili ikawa taifa.

Eric Wainaina yeye alichukua neno ambalo kila mtu analo mdomoni. "Nchi ya Kitu Kidogo" ni wimbo wa mwaka 2001. Mgeni akisikia atadhani ni nchi maskini yenye vitu vidogo. Mkenya haelezwi. Kitu kidogo ni hongo, kama vile "chai" inavyokuwa hongo ikiombwa na mtu ambaye hana kiu. Tafsida hutungwa ili jambo baya lisitoe harufu, naye Wainaina alilichukua hilo neno la kufichia akalitundika juu ya mti mchana.

Na jirani zetu je? Watu wa Mowlem, msinicheke nikisema kwamba wimbo wenye jina kubwa kuliko zote katika habari hii ulitoka hapo Dandora. Kalamashaka walikuwa machali watatu wa hapo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wakatoa "Tafsiri Hii". Huo ulikuwa wakati ambao wengi waliokuwa wakirapu waliiga Wamarekani hata kwa kukohoa. Hawa walirapu kwa Kiswahili na Sheng ya mtaani, wakasimulia ugumu wa maisha ya huku. Tazama jina lenyewe. Ni amri! Tafsiri hii. Lakini wanamwamuru nani? Mtu wa Dandora hahitaji kutafsiriwa njaa. Basi nafsinenewa ni yule asiyeishi huku, yule anayepita barabarani vioo vimefungwa. Anaambiwa: umeyasikia, sasa yatafute maana. Hapo nilielewa kwamba kutafsiri si kazi ya msomi peke yake. Wakati mwingine ni deni ambalo mwimbaji anakudai.

Cha kuchekesha ni kwamba leo hata sisi wa huku tunadaiwa. Sheng ya wakati ule imezeeka. Niliposikiliza na mjomba wangu, ambaye alikuwa shule wakati huo, ilibidi asimamishe kila mara kunieleza. Mimi, mtoto wa Eastlands, natafsiriwa Sheng! Mjomba alicheka mpaka akatokwa na machozi.

Hoja hizi nilizileta mbele ya chama na zikazua ubishi mkali. Mwenzangu mmoja alisimama akasema, "Wimbo ukishatoka ni wa watu. Wakitaka Kasongo awe Rais, ni Rais. Kama umati wa 2002 ulichukua wimbo wa wengine ukaufanya wao, kwa nini vijana wa leo wakatazwe?" Alipigiwa makofi, na mimi pia nilimpigia, maana hoja ilikuwa na miguu. Sina ugomvi na umati kuchukua wimbo. Nilimjibu hivi: waliochukua Unbwogable walijua neno lile linasema nini, ndiyo maana waliliona linawafaa. Sisi Kasongo tulimchukua bila kumwuliza kwao ni wapi. Siku ile niliuliza wanachama saba kwa nini Rais anaitwa Kasongo, nikapata majibu saba. Hakuna hata mmoja aliyemtaja mke.

Zaidi ya hapo, maana mpya haifuti ya kwanza. Zote mbili zinakaa ndani ya wimbo mmoja kama wapangaji wawili katika ploti moja, na wewe ukicheka upande huu wa ukuta, upande wa pili kuna mtu anasikia. Gabriel Omolo aliimba "Lunch Time" mwanzoni mwa miaka ya 1970, juu ya wafanyakazi wa Nairobi saa ya chakula cha mchana, na wapo wasiokuwa na pesa ya chakula ambao hujilaza tu kwenye nyasi mpaka saa nane ifike. Ni wimbo mtamu, unachezeka. Sasa mtu ambaye amewahi kulala kwenye nyasi hizo akiusikia, unadhani anacheza tu?

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa kinyozi na daftari. Nilitaka kuandika maneno yote ya Kasongo na maana yake, ili chama kiwe nayo. Kinyozi alifanya kazi zamani na Wakongo na anakijua Kilingala cha kujisaidia, kwa hiyo alikuwa anapiga wimbo kidogo, anasimamisha, ananitamkia, nami naandika. Tulikwenda vizuri mpaka kipande kimoja ambapo ile spika yake ilikuwa inakoroma. Tulirudia mara tatu, mara nne. Kinyozi akakuna kichwa.

Mama yule alikuwa amesimama mlangoni na mtoto wake mgongoni, sijui tangu saa ngapi. Akakisema kile kipande chote, polepole ili niwahi kuandika, halafu akakisema kwa Kiswahili. Nikamwambia asante mama. Akauliza kama nimeandika vizuri, nikamwonyesha, akasahihisha neno moja.

Daftari liko katika kabati la chama, na kila mwanachama ana ruhusa ya kulisoma.