KONJE NI YA KUPUMZIKA



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kaske, viatu vya usalama, miwani na mukanda. Vyote hivyo unavipokea kwenye magazini. Leo tunasema juu ya kitu cha usalama ambacho magazini haikitoi: mapumziko.

Fanya hesabu hii. Umeamka saa kumi na moja ya alfajiri, umesindikiza watoto kwa masomo, umekwenda shambani, muchana haukulala. Saa ine ya usiku unaingia posita. Umekwisha kukaa macho saa 17, na kazi haijaanza. Mwaka wa 1997, wenye elimu wawili huko Australia walionyesha kwamba mutu wa namna hiyo anafanya kazi kama mutu mwenye nusu gramu ya pombe katika litri moja ya damu. Hakuna shefu anayemwacha mulevi ashike usukani wa kamyo. Lakini mutu wa usingizi anapita mulangoni, anamusalimu mulinzi, na hana harufu yoyote.

Usingizi huo unakamata kwa sekunde chache tu, pengine hata macho yakiwa wazi. Kamyo inayokwenda kilometa 40 kwa saa inapita meta 11 kila sekunde. Sekunde 4 ni meta 44 bila dereva.

Usiku mumoja wa kulala vizuri haulipi deni la miezi. Ndiyo sababu konje iko. Sheria ya kazi ya Congo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mufanyakazi mukubwa siku moja ya kazi, au zaidi, kwa kila mwezi mzima aliotumika. Kwa mwaka ni siku 12, na inaongezeka siku moja kwa kila miaka mitano kwa mwajiri yule yule. Mapatano ya kampuni yako yanaweza kutoa zaidi. Muulize delege wa sindika.

Zamani, Union Minière ilipoleta watu kutoka mbali kwa mikataba mifupi, mutu akimaliza mukataba alirudi kwao, na kijiji kilimupumzisha. Kutoka mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilitaka mutu akae, na bibi na watoto. Basi leo wengi wetu konje yetu ni hapa hapa, Katuba au Kenya, katika nyumba ile ile na makelele yale yale.

Na tunajua inavyotumika. Mumoja anapandisha ukuta wa nyumba, mwingine anaendesha taksi, mwingine anakwenda kuchimba mawe kwa feza ya masomo ya watoto. Hatumucheki mutu huyo; mwezi wa tisa tunaujua wote. Lakini mutu aliyebeba magunia ya simenti siku 12, kisha akarudi mbele ya furu, huyo hakuenda konje, alibadilisha shantiye. Kama kazi ya nyumba ni lazima, weka kwanza siku za kulala, tano au sita, halafu shika mwiko. Usifanye kinyume, kwa sababu siku za mwisho haziachiwi kamwe.

Shirika la afya la dunia na shirika la kazi la dunia walitangaza mwaka 2021 kwamba mutu anayetumika saa 55 kwa juma au zaidi ana hatari ya mushipa wa ubongo kuziba au kupasuka iliyozidi kwa asilimia 35, kuliko yule wa saa 35 hadi 40. Taksi ya usiku inahesabiwa ndani ya saa hizo.

Wamama, hapa tunawaomba ninyi. Baba anayelala muchana baada ya posita ya usiku si mvivu. Funika dirisha kwa kitambaa kizito, peleka watoto wacheze mbali, bukari yake ingoje. Mugeni ambaye hana shida kubwa arudi jioni. Kwa kilio, pangeni zamu katika jamaa, maana kukesha siku tatu si konje.

Kisha kuna simu. Kabla ya kuondoka, andika katika kitabu cha posita hali ya mashini: kinachovuja, kinachopata moto, ufunguo uko wapi. Mwenzako akisoma hapo hatakuita siku ya pili. Toka kwa siku hizo katika kikundi cha WhatsApp cha kazi. Kama kweli kuna moto, shefu anajua nyumba yako.

Pombe nyingi inaleta usingizi upesi na kuukata katikati ya usiku. Na ukilala juma zima na uchovu haupungui, au unakohoa, au unakonda, nenda kwa munganga. Malaria, kifua kikuu na sukari havitoki kwa kulala, na vumbi la mawe ndani ya mapafu halitoki.

Siku ya kurudi, usirukie mashini. Barabara ya karieri inaweza kuwa imehama, na vibao pia. Muulize shefu wa posita ni nini kimebadilika. Kama umepangwa usiku, lala saa chache alasiri ile, hata kama mwili unakuambia hauna haja.