Afya ya Mfanyakazi si Makapi ya Kiwanda

Katika wilaya za Kasulu na Kibondo jina la "manamba" si geni. Wakati wa ukoloni Uha ilifanywa ghala la vibarua. SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944, iliandikisha vijana kwa maelfu, wakasafirishwa hadi kwenye mikonge ya Tanga. Kila mmoja alipewa namba, na namba ikawa jina.

Udogo wa mishahara yao umesimuliwa sana. Mabaki ya kazi yao hayasemwi sana. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, singa kavu ni kama kilo 4 tu. Korona hukwangua jani kwa maji mengi, na kwa miaka mingi majimaji na makapi yaliachwa yatiririke mitoni. Yakioza hula oksijeni iliyomo majini, samaki wakafa, na wanaoteka maji chini ya kiwanda wakateka uvundo. Katika chumba cha brashi, singa hutoa vumbi linaloingia kifuani na kuleta kikohozi cha kudumu.

Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa. Baadaye yakauzwa tena kwa watu binafsi. Wenye mali walibadilika, lakini vumbi ni lile lile.

Je, hakuna njia? Ipo. Huko Hale, Tanga, mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi itokanayo na makapi ya mkonge ulizinduliwa mwaka 2008. Kilichotupwa mtoni kumbe kilikuwa mali.

Sheria nayo ipo. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumkinga mfanyakazi. Ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua maradhi yatokanayo na kazi, na mchango wa mfuko huo hulipwa na mwajiri, haukatwi katika mshahara.

Basi wazazi, kijana akiaga kwenda shambani, mgodini au kiwandani, mwulizeni: mkataba uko wapi? Afya yake itapimwa? Atapewa kinga ya vumbi? Akirudi anakohoa, msikimbilie kusema amerogwa. Mpelekeni hospitali, na daktari aelezwe kazi aliyoifanya na miaka aliyoifanya. Bila maelezo hayo, tajiri hubaki na faida, na familia huko Uha hubaki ikiuza mbuzi kununua dawa.